Mishubiri Juu ya Mlango

Nilimkuta mjukuu wangu amekwisha kufungua mfuko wa taka. Amechuchumaa kwenye roshani ya nyumba yake ya kupanga, hapa Mikindani ya Mombasa, uso umemvimba kwa hasira, anang'oa vimimea vyake kimoja kimoja. Unavijua vimimea hivi vya siku hizi, vya majani manene yaliyojaa maji, vinauzwa kando ya barabara ndani ya vikombe vya rangi, na katikati yao mishubiri midogo midogo. Alivinunua kabla ya kaskazi kuanza, akavipanga upande wa magharibi, palepale jua la alasiri linapokuja kumalizia hasira zake. Basi vimeungua. Vingine vimeiva vyekundu kama vitunguu, vingine vina mabaka meupe, na mishubiri imenywea, ncha zake zimelegea na kuwa za kahawia.

"Weka chini mfuko huo," nikamwambia.

"Nyanya, vimekufa hivi."

"Nani kakwambia vimekufa? Vimeungua tu. Nitafutie kamba."

Alinitafutia kamba, maana mjukuu wangu ana adabu hata akiwa amekasirika. Nikaketi, nikaikung'uta udongo ile mishubiri, nikaifunga mizizi pamoja, nikamwambia aitundike kichwa chini juu ya mlango wa mbele, kwa nje, kule kwenye ujia ambako jua halifiki. Hapo akasita. Akautazama mlango, akanitazama mimi. "Nyanya, majirani watasema sisi ni wachawi."

Nilicheka, ndugu yangu, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mtoto wa watu hakuelewa nacheka nini. Na wewe pia huelewi, kwa hivyo vuta kiti nikwambie, kwa sababu mimi nimekwisha kuiona siku mishubiri juu ya mlango ilipokaribia kuivunja nyumba yetu.

Tulikaa Changamwe, miaka ile vita vikuu vya pili vilipokuwa vinaelekea ukingoni. Magari ya jeshi yalikuwa bado yakipita na vumbi lao, na sisi watoto tukiyakimbilia. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao na mabati, ya ghorofa moja, na watu wa pale waliiona ni jambo kubwa, maana nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti. Chini alikaa bibi mmoja mtu wa Jomvu Kuu, na mumewe aliyekuwa kuli bandarini. Juu tulikaa sisi: baba yangu, fundi wa reli, na mimi, na Nyanya yangu. Mama yangu alifariki mimi nikiwa bado sijaota meno ya mbele ya pili, na ndipo baba alipokwenda kwao Rabai akamwomba mama yake aje anilee. Nyanya alikuja. Lakini alikuja kama mtu anayekuja matangani: alikaa, alipika, aliniogesha, na kila siku akauliza barabara ya kurudi Rabai ikoje.

Hakuipenda Changamwe. Alisema mabehewa yanayogongana yanamtikisa meno. Alisema maji ya bomba yana ladha ya chuma. Sima aliyoisonga kwa unga wa dukani aliiita uji mgumu. Ili aone yuko kwao kidogo, baba alimletea kutoka Rabai mishubiri yake, ile iliyokuwa imeota chini ya mikorosho nyuma ya nyumba yake. Aliileta katika gunia, akaipanda kwenye madebe ya mafuta ya taa, akaipanga yote kwenye roshani yetu.

Sasa roshani ile ilikuwa fahari ya baba. Ilitokeza mbele ya nyumba, ikatazama magharibi, na chini yake kulikuwa na kipaa cha mabati cha jiko la bibi wa chini. Jioni baba alikuwa akisimama pale na singlendi yake, mikono kiunoni, anautazama mtaa kama ni wake. Kwa hivyo alipoipanga mishubiri ya mamake pale mbele kabisa, alikuwa anamfanyia heshima. Nyanya alitazama, akasema, "Mwanangu, hii imezoea kivuli." Baba akajibu, "Mama, mshubiri ni mti wa jua. Nani asiyejua?" Nyanya hakubishana naye. Mwanamume amebeba gunia toka Rabai, utamwambia nini?

Yule bibi wa chini ndiye aliyekuwa furaha ya Nyanya pale. Wawili hao walikuwa tofauti kwa kila kitu. Bibi wa chini alikuwa Mwislamu wa kale na kale, mweupe wa meno, mwenye maneno matamu na marefu, hamalizi kukuuliza hali mpaka ameuliza na hali ya paka. Nyanya alikuwa mtu wa kanisa, mfupi wa maneno, akitaka chumvi anasema chumvi. Lakini alasiri ukiwatafuta unawakuta wameketi pamoja chini ya ngazi, mmoja anakuna nazi kwenye mbuzi, mwenziwe anachambua mboga ya mchunga, na harufu ya samaki wa ng'onda anayechomwa imewafunika wote wawili. Sikukuu ya Idi sinia lilipanda juu limefunikwa kawa. Krismasi sinia lilishuka. Mimi nilikula juu na nikala chini, na makombo ya mahamri ya asubuhi nikayahesabu kuwa haki yangu.

Nami nikikosea kumwamkia bibi wa chini alikuwa akinishika sikio. "Shikamoo iko wapi?" "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Haya, ndoo ule." Ndivyo watu wa kwao wanavyosema njoo.

Huyu bibi alikuwa na huruma ya mimea. Aliona mishubiri juu kule inaanza kuwa myekundu, akadhani ina kiu. Basi kila siku akishaosha mchele wa chakula cha mchana, yale maji meupe hakuyamwaga. Aliyapandisha ngazi kwenye kopo, akayagawa, debe hili na debe lile, akishuka akisema maskini, maskini, wanateseka. Saa yenyewe ni ile ambayo hata kuku wamejificha. Madebe yameshika moto, ukiyagusa unapiga kelele. Chini mabati ya jiko yanarudisha jua juu. Maji yakiingia mle yalikuwa hayanyweshi kitu, yalikuwa yanapika. Nyanya saa hizo alikuwa amelala kidogo, na alipoamka akakuta udongo umelowa alidhani ni mimi niliyefanya huruma, akanionya, nami nikakana, na mambo yakaendelea vivyo hivyo.

Siku alipogundua, mishubiri ilikuwa taabani. Majani yalikuwa na makovu upande wa jua, mengine ya kahawia, mengine meupe kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na shinani mingine ilianza kuoza. Nyanya hakulia wala hakulaumu mtu. Aling'oa yote. Alikata mizizi iliyooza kwa kisu, akayaacha majani yaliyoungua.

"Hayo mabaya hukati?" nikamwuliza.

"Hayatapona, lakini bado yana kazi. Yanayakinga ya ndani. Ukiyakata sasa, unalifungulia jua mlango."

Kisha akafanya walivyofanya kwao tangu zamani kwa mshubiri uliougua. Alifunga mizizi kwa kamba ya ukindu, akaitundika yote juu ya mlango wetu, pale ngazi inapoishia, kichwa chini, bila udongo, bila maji, kivulini penye upepo. Mshubiri una maji yake mwenyewe ndani, unaweza kuning'inia hivyo mwezi na zaidi ukijila taratibu, kidonda chake kikakauka. Ukishapumzika ndipo unaupanda tena. Kwa Nyanya jambo hilo lilikuwa sawa na kumlaza mgonjwa kitandani. Alimaliza, akapangusa mikono, akaenda kupika.

Lakini fikiria sasa wewe ndiye bibi wa chini. Umepandisha maji yako ya mchele kila siku kwa mkono wako. Leo unapanda ngazi na kopo lako, unakuta madebe yako matupu, na mimea yote imetundikwa juu ya mlango, mizizi juu, imekuelekea wewe unayekuja. Watu wa pwani wanajua kitu kinachotundikwa juu ya mlango ni cha nini. Ni fingo. Ni kinga ya jicho baya. Na katika ngazi ile alikuwa hapiti mgeni mwingine ila yeye.

Alishuka na maji yake. Nilimwona mimi, nilikuwa nimekaa ngazini nacheza na kokwa za ukwaju, na nikamwamkia, akaitikia marahaba fupi ambayo sijapata kuisikia kwake.

Kesho yake alasiri Nyanya alishuka na ungo wake wa mchunga kama kawaida. Bibi wa chini alikuwa ameketi palepale, anakuna nazi, lakini hakusogea kumpisha. Alianza kuzungumza na kuku wake.

"Ewe kuku," akasema, sauti imepanda kidogo, "usikwee ngazi hiyo. Huko yuu wamejikinga. Mguu wako mbaya, mato yako mabaya, wallahi hata maji ya mchele ukiwapa watu, yanaua."

Mtu yeyote wa Mombasa angejua pale pale kwamba kuku hahusiki. Wanawake wa kwetu wakiwa na jambo na mtu hawamwambii yeye. Wanamwambia paka, wanauambia ufagio, wanamwambia mtoto anayenyonya, na mwenye kulengwa anasikia na kuumia. Ndivyo vijembe vinavyopigwa. Lakini Nyanya alitoka Rabai, na kwao ukiwa na ugomvi na jirani unakwenda kwake asubuhi unamwambia. Kwa hivyo Nyanya alimtazama yule kuku kwa makini, kisha akasema kwa moyo safi kabisa, "Kuku huyu hajambo. Mguu wake una nini?"

Loo! Bibi wa chini aliidondosha ile nazi. Aliona sasa anafanyiwa na dhihaka juu. Aliinuka, akachukua kuku wake kwapani, akaingia ndani na kufunga mlango. Nyanya akabaki na ungo wake mkononi, haelewi.

Vijembe vikaendelea. Leo kuku, kesho chungu, kesho kutwa lile kopo lenyewe la maji: "Kopo langu wee, pole, hisani yako imekuponza." Na Nyanya kila siku anashuka, anasalimia, anaona mwenziwe anazungumza na vyombo. Akaniuliza siku moja, kwa wasiwasi wa kweli, "Mwenzangu ana homa ya kichwa?" Hapo nikaona hapana, lazima nimwambie. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa mtoto wa Changamwe, vijembe nilivinyonya. Nikamweleza moja baada ya jingine: kuku ni nani, mato mabaya ni macho ya nani, na ile mishubiri juu ya mlango imesomwaje.

Nyanya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye pembe ya chumba, akatoa ule mkeka wake aliokuja nao, akautandaza, na akaanza kuweka vitu vyake juu yake. Kanga. Gauni lake jeupe la kanisani. Kinu kidogo cha kusagia tumbaku.

Baba aliporudi kazini akakuta mzigo umefungwa.

"Mama, ni nini hii?"

"Nakaa juu ya kichwa cha mtu anayedhani namwona mchawi. Na sina mwingine wa kuzungumza naye hapa, nina yeye tu. Siku yako ya mapumziko utanisindikiza Rabai. Mtoto nitakwenda naye."

Baba alikaa kitini bado na grisi mikononi. Mimi nililia kwa sauti, sioni haya kusema. Nyanya aking'oka, nyumba yetu imekwisha. Baba hawezi kunilea peke yake, analala kazini siku nyingine. Mimi nikienda Rabai namwacha baba, naacha shule, namwacha hata bibi wa chini na mahamri yake. Baba akasema atashuka azungumze na mume wa yule bibi. Nyanya akamwambia, "Mambo haya si yenu wanaume. Na ungelisikia nilipokwambia imezoea kivuli, tusingefika hapa." Baba alikwenda roshani akasimama na singlendi yake, lakini siku ile hakuweka mikono kiunoni.

Siku ya safari ilifika. Asubuhi, jua bado halijaipata ngazi, Nyanya alivaa viatu vyake, akapanda juu ya kigoda, akaanza kuishusha mishubiri aende nayo. Aliishusha yote, akaitia kwenye gunia, mpaka akabakiwa na mmoja, ule mkubwa, mama wa yote, ambao nusu ya majani yake yalikuwa makovu matupu. Huo akaushika mkononi muda mrefu. Akaupapasa mzizi, akaona kidonda kimekauka vizuri. Kisha badala ya kuutia guniani, akaniambia, "Ndoo nawe uone," na akashuka nao ngazi. Ile "ndoo" alikuwa ameshaiokota kwa bibi wa chini bila kujua.

"Hodi!"

Kwetu hodi haikataliwi, hata na mtu aliyenuna. Ikatoka sauti kavu, "Karibu."

Bibi wa chini alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kifuani. Kuku alikuwa chini ya kitanda. Nyanya hakuketi wala hakuzunguka.

"Mwenzangu, nimekuletea mshubiri. Uupande kwa mkono wako."

"Mkono wangu?" Bibi wa chini alicheka cheko la puani. "Mkono wangu si ndio uliowaulia miti yenu?"

"Hapana. Jua la mwanangu ndilo lililoiunguza. Maji yako yalipata moto tu mle ndani."

"Na mlilotundika mlangoni?"

"Sisi kwetu mshubiri ukiungua hutundikwa. Unapumzishwa. Ungekuwa fingo, ningeushusha leo nikakupa wewe?"

Bibi wa chini akautazama ule mmea, akamtazama Nyanya.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" akasema. "Siku zote hizi nakereketwa na moyo, kwa nini hukuniambia?"

Nyanya naye akapandisha sauti, nadhani ndiyo mara ya kwanza kumsikia hivyo. "Na wewe mbona ulimwambia kuku? Mimi nipo, nimeketi na ungo wangu, wewe unamwambia kuku!"

Kisha bibi wa chini akaziba uso kwa leso, mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoangusha mikono na kusema, "Nawe ukamwuliza hali ya mguu wake!" Walicheka wale wawili, walicheka mpaka yule kuku akatoka chini ya kitanda mbio akaenda nje. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, machozi yananitoka bado, nikacheka nao.

Lakini bibi wa chini alipoupokea mshubiri, uso ulimrudi ukawa mzito. Aliushika kwa mikono miwili. "Na ukifa mkononi mwangu? Mtaa mzima umeisikia habari hii."

Nyanya akafikiri. Alikuwa mtu wa kusema kweli hata kweli ikiwa inauma. "Ukishika mizizi," akasema, "nitafungua mzigo wangu, nitakaa. Ukikataa, nitajua hapa si pangu, nami nitakwenda bila kinyongo na wewe."

Niliona ni mzaha mbaya. Kaya yetu nzima imewekwa juu ya mmea ulioungua! Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na baba alipoambiwa safari imeahirishwa hakuuliza zaidi, alivaa kofia akaenda zake kabla mama yake hajageuza nia.

Waliupanda pamoja. Nyanya alielekeza kwa mdomo, mkono ulikuwa wa bibi wa chini. Waliutia katika nusu ya mtungi uliovunjika, upande wa chini ya ngazi ambako jua la asubuhi linachungulia kisha linaondoka. Udongo mchache, mchanga mwingi, na vumbi la makaa ili maji yasituame. "Sasa usiumwagilie," Nyanya akasema. "Hata kidogo?" "Hata kidogo. Mpaka nikwambie." Ndugu yangu, hujaona mateso. Yule bibi alikuwa akiosha mchele wake, anatoka na yale maji, anasimama mbele ya mtungi, anaugua, kisha anakwenda kuyamwaga kwenye mpapai. Nami nikakaa ngazini kama askari. Nilikuwa nikifika shule mwalimu ananiita jina hata mara mbili, mawazo yangu yako chini ya ngazi. Jioni nikirudi nakwenda kutazama mtungi kwanza, ndipo nipande juu kutazama kama mzigo bado umefungwa. Ulikuwa umefungwa. Nyanya alikuwa anatoa kanga ya kuvaa, anairudisha, anafunga.

Siku zikapita, mmea uko vile vile. Jani moja la nje likakauka, likawa kama karatasi. Bibi wa chini akaacha kula vizuri, na mumewe akasema nyumba imekuwa na mgonjwa asiyeonekana. Nyanya peke yake ndiye hakutaharuki. Alikuwa akiugusa shina kwa kidole, anausukuma kidogo, anasema, "Unatafuta."

Kisha asubuhi moja, baba anakunywa chai, mimi natafuta kiatu, tukasikia chini:

"Ndooni! Ndooni nyote! Umeshika!"

Tulishuka kwa kishindo, baba na kikombe chake mkononi. Bibi wa chini alikuwa amepiga magoti mbele ya mtungi, kanga imemdondoka kichwani na hana habari. Katikati ya yale majani yenye makovu, pale ndani kabisa, lilikuwa limechomoza jani, dogo, la kijani kibichi, limesimama. Makovu yalikuwa yale yale. Hayakupona siku ile wala baadaye. Nyanya aliinama, akalitazama, akamgeukia mwenziwe na kumwambia neno moja tu: "Mwagilia."

Alimwagilia kwa lile kopo. Nami niliruka ngazi nikaenda kuufungua ule mzigo kwa mikono yangu mwenyewe, sikungoja ruhusa. Gauni la kanisani nililitundika msumarini. Mkeka nikautandika kitandani kwetu. Nyanya alipopanda juu akakuta hakuna kitu cha kufunga tena, akasema, "Mtoto huyu ana haraka," basi.

Mishubiri mingine ilirudi roshani, lakini safari hii kwa masharti yake. Baba alifunga makuti upande wa magharibi, akapoteza mandhari yake na hakunung'unika. Madebe yaliinuliwa juu ya vipande vya mbao yasiguse sakafu ya moto. Wiki za mwanzo yalikaa nyuma kabisa, kisha yakasogezwa mbele kidogo kidogo, kwanza jua la asubuhi tu, maana Nyanya alisema la asubuhi linalisha na la alasiri linapika. Maji yalimwagwa wakati wa magharibi, jua likishazama, na anayemwaga alikuwa bibi wa chini. Ilikuwa zamu yake, hakuna aliyethubutu kuigusa. Ikazaa, ikazaa, mpaka hapakuwa na mama anayetaka kumwachisha mtoto ziwa pale mtaani asiyekuja kwetu kuomba jani la kupaka kwenye titi, kwa ule uchungu wake.

Nyanya alikaa nasi mpaka nikaolewa. Alipofariki tulimrudisha kwao Rabai, na katika watu waliokuja kuzika alikuwako bibi wa chini, mzee sana, anatembea kwa kushikwa. Alikuwa na kitu amekibeba ndani ya leso. Watu wakishamaliza, akaomba asogezwe karibu, akachimba kwa mkono wake mwenyewe pale kichwani pa kaburi, akapanda mshubiri mchanga. Hakumwambia kuku wala ungo. Alimwambia yeye: "Mwenzangu, huu nao utashika." Ukashika. Mara ya mwisho nilipokwenda ulikuwa umelizunguka kaburi lote.

Ile nyumba ya mbao na mabati haipo. Pale sasa pana uwanja wa kuwekea makontena, na ukisimama barabarani huwezi kusema ngazi ilikuwa wapi. Wale waliopiga vijembe kwa kuku wamekwisha. Watu siku hizi wakikasirika wanafunga mlango kimya, na mlango ulikuwa umefungwa tangu mwanzo, kwa hivyo hata huwezi kujua wamekasirika.

Na mjukuu wangu aliyeogopa majirani? Mishubiri yake imening'inia juu ya mlango tangu siku ile, mizizi juu, kwenye ujia anaopita kila mtu wa ghorofa hii. Wanapanda, wanashuka, na simu zao masikioni. Nimekuwa nikiweka kiti changu karibu na mlango, nangoja. Nimengoja mtu asimame. Nimengoja anitazame vibaya, aniulize bibi wewe unamkinga nani, anune, aache kuitikia salamu yangu. Hakuna aliyeuliza. Hakuna hata aliyeinua macho.

Basi leo asubuhi nimeupapasa mzizi wa ule mkubwa, na kidonda kimekauka vizuri. Mjukuu wangu ananiambia jirani wa chini ni mwanamke anayeishi na mtoto mdogo, na hamjui jina. Nami simjui. Nimevaa viatu, mshubiri uko mkononi. Magoti yangu yatalalamika ngazi nzima, lakini yatafika, na nikifika nitabisha hodi mpaka aitikie.